Sidii iliyonasa ndani ya redio ya gari, na dada wa Osaka aliyevuma duniani miaka 16 baada ya kufariki

Fundi Spika (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Leo siji na siasa wala Simba na Yanga. Nina kisa kimekaa kifuani muda mrefu, nakitua hapa.

Mimi ni fundi wa redio za magari, hapa hapa Dar. Mwaka 2016 ililetwa gari kibandani imetoka bandarini wiki hiyo hiyo, viti bado vina nailoni. Redio za Kijapani mnazijua: FM inaanzia 76 inaishia 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo mtu anasikia sauti kama ya mvua tu. Mteja akataka ing'olewe, awekewe ya kwetu. Nikafungua dashibodi, nikaitoa. Kawaida yangu kabla sijaitupa kwenye boksi la spea huwa naiunga kwenye betri mezani nione nini kizima. Kuiunga tu, ikaanza kuimba. Kumbe kulikuwa na sidii ndani, imenasa, kitufe cha kutolea kimekufa.

Wimbo wa nne ndio ulionimaliza. Gitaa linakatakata kama mtu anapiga kachumbari, besi inatembea yenyewe kama haina haraka na mtu, halafu anaingia dada mwenye sauti kavu kidogo, ya mtu aliyetoka kulia lakini hataki ujue. Sikuelewa neno hata moja zaidi ya "stay with me". Niliirudia mpaka kijana wangu wa kazi akaniuliza kama nimefiwa.

Nikafungua ile redio, nikaitoa sidii kwa bisibisi na subira. Ni ile ya kuchomewa nyumbani, haina picha wala jina la msanii, juu yake kuna maandishi ya kalamu ya wino tu, ya Kijapani. Kwa miaka minne ikawa ndiyo sidii ya kujaribia spika. Mteja akitaka kusikia besi inavyokaa, namuwekea namba nne. Wengine waliuita "wimbo wa fundi". Wapo waliotaka niwarushie kwenye flashi.

Desemba 2020 mpwa wangu alikuja likizo, yuko na simu yake TikTok, mara nasikia gitaa lile. Nikaruka kwenye kiti. Nikamwambia rudisha hiyo. Kwenye video kuna binti mwenye asili ya Japani, anaonekana yuko ughaibuni, amesimama nyuma ya mama yake jikoni. Mama anaosha vyombo. Binti anaweka wimbo bila kumwambia kitu. Mama mabega yanasimama kwanza. Halafu anageuka na sponji mkononi, povu linadondoka, anaimba. Maneno yote, hakosei hata moja, anakata na viuno. Mpwa wangu akaniambia ziko nyingi sana za hivyo, watoto wanawawekea mama zao wa Kijapani wimbo huu na kurekodi nyuso zao.

Ndipo nikapata jina: Miki Matsubara. Wimbo unaitwa "Mayonaka no Door", mlango wa usiku wa manane.

Mteja kaja. Naendelea baadaye.

Mlevi wa Supu

Siti ya mbele. Nimeagiza na chapati mbili.

Dada wa Mwenge

Fundi usituache kwenye mataa. Huyo dada yuko wapi sasa hivi? Lazima atakuwa tajiri.

Fundi Spika

Dada wa Mwenge, hapo ndipo penye mfupa.

Miki Matsubara alizaliwa Osaka mwaka 1959. Mama yake alikuwa mwimbaji wa jazi, kwa hiyo muziki aliukuta nyumbani. Tarehe 5 Novemba 1979, akiwa hajatimiza miaka 20, akatoa wimbo huu, ndio wa kwanza kabisa kwake. Mtunzi wa muziki ni Tetsuji Hayashi, maneno kaandika Yoshiko Miura. Kule Japani wana chati yao inaitwa Oricon. Wimbo uliishia namba 28. Si mbaya kwa mgeni, ila nao si moto wa kuunguza nchi. Akaendelea kutoa albamu miaka ya themanini, akaimbia katuni, baadaye akawa anawatungia wengine nyimbo. Saratani ya mlango wa kizazi ikamchukua tarehe 7 Oktoba 2004. Alikuwa na miaka 44.

Sasa piga hesabu. YouTube imeanza 2005. Huyu mtu alifariki YouTube haijazaliwa, na Desemba 2020 wimbo wake ukakaa namba moja kwenye orodha ya Spotify ya nyimbo zinazosambaa kwa kasi duniani, zaidi ya wiki mbili mfululizo. Miaka 41 baada ya kutoka. Ukiambiwa uwapigie simu waandishi wa habari wamhoji, utampigia nani?

Hilo ndilo linanikaa. Wimbo umepata dunia nzima, mwenye sauti hajui.

Wakili Mtoro

Mkuu umeandika vizuri, lakini nipinge kidogo. Huku si kutambulika, hii ni algoriti. Mashine imeokota wimbo, ikawarushia watu waliokuwa wamefungiwa ndani na korona, wakacheza nao miezi miwili, wakahamia kwingine. Kutambulika ni Ryuichi Sakamoto. Yule alichukua Oscar mwaka 1988 kwa muziki wa filamu, mwaka uliofuata akabeba Grammy kwa kazi ile ile. Mpaka anafariki Machi 2023 dunia ilikuwa inamjua kwa jina, uso na nywele zake nyeupe. Wa fundi wanamjua kwa sekunde kumi na tano za kiitikio.

Mlevi wa Supu

Wakili kaamka na hasira leo.

Mzee Kobe

Watoto wangu, mimi nina umri mkubwa kuliko wengi humu, nisikilizeni.

Haya si mapya. Kulikuwa na Sakamoto mwingine, Kyu Sakamoto. Mwaka 1961 aliimba wimbo kwao, jina lake maana yake "nitembee huku nimetazama juu", yaani mtu anainua uso ili machozi yasidondoke. Aliyeandika maneno, Rokusuke Ei, alikuwa anarudi kutoka kwenye maandamano ya kupinga mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani, maandamano yakashindwa. Ni wimbo wa mtu aliyevunjika moyo.

Bosi mmoja wa kampuni ya santuri ya Uingereza akausikia akiwa Japani, akaupenda, ila jina likamshinda ulimi. Akaupachika jina "Sukiyaki". Mnajua sukiyaki ni nini? Ni nyama ya ng'ombe ya kupikia mezani kwenye sufuria. Ni sawa na kuchukua taarabu ya mtu analia mumewe kaondoka, ukaibatiza Mishikaki. Halafu mtangazaji wa redio katika mji mdogo wa Pasco, jimbo la Washington, akaanza kuupiga ukiimbwa na Kyu mwenyewe, simu zikamiminika. Juni 1963 ukawa namba moja Marekani wiki tatu. Wote Kijapani mwanzo mwisho. Hakuna wimbo mwingine wa Kijapani uliofika pale tangu hapo.

Kwa hiyo Wakili, algoriti ya zamani ilikuwa mtangazaji wa redio. Mashine ilikuwa na masharubu tu.

Naye Kyu alifariki kwenye ajali ya ndege ya Japan Airlines, Agosti 1985. Miaka 43.

Dada wa Mwenge

Shikamoo mzee Kobe. Mishikaki! Nimecheka mpaka abiria mwenzangu kageuka.

Wakili Mtoro

Mzee wangu nimekuelewa. Lakini unaniunga mkono bila kujua: walimpa chati, hawakumpa hata heshima ya jina la wimbo wake.

Sensei wa Mbagala

Wakuu, nimesoma Japani miaka mitano, naomba niongeze.

Kwanza kuhusu kwa nini nyimbo hizi zilikuwa mafichoni. Soko la muziki la Japani ni la pili kwa ukubwa duniani, baada ya Marekani. Kampuni zao zilikuwa zinashiba nyumbani, hazikuwa na shida na sisi wa nje. Muda mrefu walishikilia sidii wakati dunia imeshahamia mtandaoni. Video zao ukizifungua ukiwa nje ya Japani ulikuwa unaambiwa haipatikani nchini kwako. Hivyo aliyezitoa nje ni shabiki, mtu tu mwenye santuri na kompyuta, anapandisha kwa jina la uongo.

Mfano mkubwa ni Mariya Takeuchi na "Plastic Love". Ulikuwa kwenye albamu yake ya 1984, albamu ikashika namba moja Oricon. Wimbo wenyewe ulipotolewa peke yake 1985 uliishia namba 86. Namba 86! Miaka 32 ukalala. Julai 2017 mtu akaupandisha YouTube, ule mrefu wa dakika karibu nane, akaweka picha nyeusi na nyeupe ya Mariya anacheka. Na picha haikuwa hata ya wimbo huo, ilikuwa ya wimbo wake mwingine, ilipigwa Los Angeles. YouTube ikaanza kuupendekeza kwa kila mtu: unasikiliza jazi, unaletewa Mariya, unasikiliza mvua ili ulale, unaletewa Mariya. Ukatazamwa zaidi ya mara milioni 20.

Mwisho wa 2018 ukafutwa. Kila mtu akalaumu kampuni ya muziki, kumbe mlalamikaji alikuwa mpiga picha! Picha yake imetumika bila ruhusa. Muziki hakuna aliyesema kitu. Mwaka 2019 ukarudi, na mwaka huo huo Warner Music Japan wakaamka, wakatengeneza video fupi ya wimbo wa umri ule. Nzima ilitoka 2021.

La kuchekesha zaidi: aliyepanga vyombo na kusimamia kurekodiwa kwa wimbo ule ni mume wake, Tatsuro Yamashita, ambaye yeye mwenyewe hataki kabisa nyimbo zake ziwekwe kwenye majukwaa ya kusikilizia mtandaoni. Mke dunia inamcheza, mume amefunga mlango na funguo kaweka mfukoni.

Fundi Spika

Sensei umetisha. Huo wimbo wa Mariya nao nimeupigia spika sana.

Niseme kuhusu hili la algoriti. Wakili ana hoja ila anaruka hatua. Mashine haikuanza na wimbo wa Miki. Oktoba 2020 kuna binti wa Indonesia, Rainych, anayejulikana YouTube kwa kurudia nyimbo za watu kwa Kijapani. Aliurudia huu, na mashabiki wakafuata kisima kilipo. Kabla yake kulikuwa na vijana wa kompyuta wanaozipenda nyimbo hizi za Kijapani za themanini, wanazichanganya na midundo yao. Mmojawapo DJ wa Korea, Night Tempo, aliugeuza ule wa Mariya mapema kabisa, 2016. Yaani kuna watu walifanya kazi ya mkono, mashine ikaja kuwapitia juu.

Halafu wale akina mama. Yule mama mwenye povu hakupendekezewa na mashine. Yeye alikuwa nao kichwani miaka arobaini.

Mama Sufuria

Wanaume mnabishana chati, hakuna aliyeuliza wimbo unasema nini. Fundi, unasema nini?

Sensei wa Mbagala

Dada yangu, naogopa kuutafsiri mstari kwa mstari nisije nikauharibu. Kwa ufupi ni mwanamke anakumbuka usiku walioachana. Aligonga mlango usiku wa manane analia, anamsihi mwanaume asiondoke. Sasa ni majira mengine ya baridi, amebaki anaurudia wimbo ule ule kwenye santuri. Na kuna koti la kijivu la huyo mwanaume, lina doa la kahawa analolijua.

Mama Sufuria

Doa la kahawa. Huyo mwandishi ni mwanamke, sina haja ya kuuliza.

Sensei wa Mbagala

Ndiyo, Yoshiko Miura alikuwa mwanamke.

Mama Sufuria

Mwanaume angeandika harufu ya manukato. Doa analijua aliyefua.

Mlevi wa Supu

Uzi umefungwa hapo. Mama Sufuria chukua ua lako.

Nyar Siaya

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo, nawasoma kutoka Kisumu. Kwa kuwa mnazungumzia mwanamuziki wa Japani kutambulika mbali na kwao, sisi tuna wetu. Kuna Mjapani anaitwa Anyango, jina lake la kwao Eriko Mukoyama. Alikuja Kenya, akaishi kijijini Siaya, akajifunza nyatiti kwa mwalimu mzee. Nyatiti ni ala ya Waluo ya nyuzi nane na kimila haikuwa ya kupigwa na mwanamke, kwa hiyo mnaweza kufikiria maneno yaliyosemwa. Mara ya kwanza kumsikia anaimba Dholuo nilidhani ni mtu wa kwetu yuko nyuma ya pazia. Huyo hakuletwa na algoriti yoyote. Aliletwa na miguu yake.

Wakili Mtoro

Sasa huko ndiko kutambulika ninakosema mimi. Mtu kakaa, kajifunza, wenyeji wakampa jina. Asante dada wa Siaya.

Dada wa Mwenge

Na wa siku hizi je? Fujii Kaze mbona hamumtaji? Mimi ndiye namsikiliza, hao wengine nilikuwa sijazaliwa.

Kwa wasiomjua: amezaliwa 1997, mji mdogo wa Satosho, mkoa wa Okayama. Baba yake alikuwa na mgahawa wa kahawa na ndiye aliyemfundisha piano. Akiwa na miaka 12 tu alikuwa anapandisha YouTube video anapiga nyimbo za watu, pale nyumbani kwao. Albamu ya kwanza 2020. Ndani yake kuna wimbo "Shinunoga E-Wa", yaani bora nife. Haukutolewa peke yake, ulikuwa umejikalia ndani ya albamu kama nguo ya chini ya sanduku. Mwaka 2022 vijana wa Thailand wakaudaka TikTok, ukatapakaa Asia, ukafika mpaka kwenye simu yangu mimi. Desemba mwaka ule akaitwa kuuimba kwenye Kohaku, lile tamasha la televisheni la mkesha wa mwaka mpya ambalo Japani nzima wanaangalia. Yaani wa kwao walisubiri Wathai wawaambie wana nini ndani.

Tofauti ni kwamba yeye yupo. Baada ya hapo akazunguka Asia, akaenda Marekani, anaona watu wanamuimbia. Fundi, nadhani ndicho kinachokuuma. Wako hakuona.

Fundi Spika

Ndicho hicho, dada. Umenisaidia kukisema.

Mara nyingine nafikiria Tetsuji Hayashi, mtunzi, yeye yupo hai na ameyaona yote. Wimbo alioutengeneza akiwa bado kijana wa thelathini unamrudia mzee. Aliyempa binti wa miaka 19 auimbe ndiye anahojiwa, binti mwenyewe hayupo kwenye kiti.

Wakili Mtoro

Na mirabaha ya utunzi ni ya kwake na ya upande wa mwandishi wa maneno. Hapo angalau haki inatembea, na kampuni ya zamani ya Miki sasa wameuweka rasmi kila mahali na kuchapa upya santuri zake. Nimejaribu kuusikiliza jana usiku, ili nibishe vizuri.

Mlevi wa Supu

Na?

Wakili Mtoro

Mara sita. Msiniulize zaidi.

Mzee Kobe

Karibu kundini, Wakili.

Mlevi wa Supu

Sensei, kabla hujaondoka. Gari yangu kila nikiwasha kuna dada anaongea Kijapani kwenye dashibodi. Miaka mitatu namjibu "asante, nawe pia". Anasemaje?

Sensei wa Mbagala

Anakwambia kadi ya ETC haijawekwa. Ni ya kulipia barabara kuu za Japani.

Mlevi wa Supu

Nilidhani ananitakia safari njema. Nimeumia.

Mama Sufuria

Fundi, ile sidii yenyewe bado unayo? Ulisema ina maandishi.

Fundi Spika

Ninayo mama, ipo kwenye droo ya fyuzi. Nimeipiga picha sasa hivi, iko hapo chini. Sensei tusaidie. Imechubuka kidogo pembeni, namba nne inaruka sekunde mbili karibu na mwisho, lakini mimi nishaizoea hivyo, ule mzima wa mtandaoni naona kama una kosa.

*[picha imeambatishwa]*

Sensei wa Mbagala

Nimeikuza. Mwandiko ni mzuri, wa mtu asiye na haraka. Imeandikwa "doraibu-yō", yaani ya kusikiliza wakati wa safari ya gari. Na pembeni kuna tarakimu: 2.

Dada wa Mwenge

Subiri kwanza. Kama hii ni ya 2...

Fundi Spika

Nimeshaelewa, dada. Kuanzia kesho hakuna redio itakayoingia boksini kabla sijaifungua.